Plasta, pointi au lipu ya udongo: ukuta wa tofali la kuchoma unataka nini?

Mvua zikishakatika, kuanzia Mei, fundi mwashi mzuri hapa Tabora humpati kwa simu moja. Pita Ipuli, Kiloleni, Isevya au Ng'ambo utaona sababu. Nyumba nyingi ni za tofali la kuchoma, na kila masika yanaziachia alama: kozi za chini, yaani mistari ya matofali, zimeliwa, viungo vya kati ya tofali na tofali vimebaki mashimo, ukuta wa upande wa mvua umeota ukijani. Mwenye nyumba anabaki na swali moja. Apige plasta nyumba nzima, au azibe viungo tu na tofali libaki linaonekana?

Shemeji yangu wa Gungu, Kigoma, aliniuliza hilo juzi. Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu la simu halitoshi. Nimeishi na kuta za aina mbili: nyumba ya mama pale Kiloleni, iliyojengwa kwa mota (kile kinachoshikanisha matofali) ya udongo, na yangu ya Ipuli, iliyojengwa kwa saruji. Kwa mama tuliwahi kukosea, na hasara yake tuliibeba wenyewe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama tofali lako limeiva, kuziba viungo upya, ile kazi mafundi wanayoiita kupiga pointi, kunashinda plasta. Plasta ina mahali pake na nitapataja. Ila usichague kabla hujaukagua ukuta wenyewe.

Tofali limeiva? Limejengewa nini?

Tanuru haliivishi sawasawa. Matofali yaliyokaa karibu na midomo ya moto yanatoka mekundu ya kukolea, mengine meusi kabisa. Ya pembeni na ya juu yanatoka yamepauka, rangi ya chungwa bivu. Wakati wa kujenga yote yanaingia ukutani, kwa sababu yote yamelipiwa kuni. Ndiyo maana kwenye ukuta mmoja utakuta tofali limeliwa na kuingia ndani sentimita 3, na jirani yake liko vilevile kama lilivyotoka tanuruni.

Kulitambua si kazi. Gonga kwa kipande cha nondo: lililoiva linalia kama chungu kizima, lisiloiva sauti yake inafia humohumo. Kwaruza kwa msumari uone kama unatoka mstari mwembamba au unga. Na kama limebaki hata tofali moja la tanuru lile lile nyuma ya nyumba, litumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi likiwa zima, kingo kali, una tofali. Ukikuta maji yamekuwa tope na kona zimemumunyuka, huo ni udongo uliopata joto tu, na hauwezi kubaki uchi mbele ya mvua.

Halafu mota. Chomeka msumari kwenye kiungo na uuzungushe. Ukigota baada ya kuingia kidogo, ni saruji. Ukizama sentimita nne na kutoka na vumbi jekundu, nyumba imejengewa udongo, na ile saruji unayoiona juu ni gamba tu. Nyumba za namna hiyo ni nyingi hapa kwetu, na si nyumba mbaya. Udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri unashika tofali miaka mingi, mradi maji yasiufikie.

Shika jambo moja, mengine yote yanatoka humo: kinachozibia kisiwe kigumu kuliko tofali. Ukuta unalowa na kukauka kila mwaka. Maji yaliyoingia yanatafuta njia ya kutokea, na yanatokea pale palipo laini. Kiungo kikiwa laini kuliko tofali, maji yanatokea kwenye kiungo, kinachakaa kiungo, unakiziba tena baada ya miaka. Ukikifanya kigumu kama jiwe, maji yanatokea kwenye uso wa tofali, na linalomomonyoka ni tofali lenyewe. Tofali hulizibi. Unalibomoa.

Yaliyotupata Kiloleni

Tuliwaza kumfurahisha mama kwa kumpigia plasta. Fundi alisema tusibanie saruji, akachanganya ndoo moja kwa tatu za mchanga. Ukuta ukang'aa. Mama akaleta majirani waone. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, na ukuta ulikuwa bado una maji ya masika ndani yake, hilo hatukulifikiria.

Masika ya pili yalipoisha, plasta ya upande wa jikoni ilianza kutoa sauti ya mtungi ukiigonga. Ilikuwa na nyufa nyembamba kama buibui ametandaza, na karibu na ardhi palikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Siku moja kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka chenyewe. Nilikiokota nikakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na uso wa matofali mawili na nusu, mwekundu, mzima, umeshikamana na saruji kama ngozi iliyochunwa. Ukutani yalibaki matumbo ya matofali, ukigusa kwa kidole yanamwagika. Na kwenye kiungo cha udongo, kutoka chini kwenda juu, mchwa walikuwa wamejenga njia yao nyembamba mpaka kwenye kenchi za paa. Kwa muda wote ule plasta iliwasitiri.

Hili la mchwa watu wa maeneo mengine wanaweza kulipuuza, mtu wa Tabora halipuuzi. Ukuta ulio wazi unaona njia ya mchwa siku ileile, unaifuta, unatafuta walikotokea. Ukuta uliofunikwa unakuja kujua siku mbao zinapolia.

Gharama, mbili zikiwa sambamba

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 9, ukuta wa mita 3. Ukiondoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 95 za ukuta wa nje.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, karibu ndoo mbili za lita 20. Ukichanganya moja kwa tano na kupiga plasta ya unene wa milimita 15, mfuko unafunika mita za mraba 9 au 10. Lakini tofali letu halijanyooka, na fundi analazimika kujaza mabonde, kwa hiyo hesabu 8 au 9. Nyumba hiyo itakula mifuko 11 au 12. Hapo hujapiga niru ya kulainisha uso wala rangi, na plasta isiyopakwa rangi watu wachache wanaikubali.

Pointi ni hesabu nyingine. Viungo vya upana wa sentimita moja na nusu mpaka mbili, vikichimbuliwa kina cha sentimita 2, mfuko mmoja unafika mita za mraba 25 mpaka 30. Nyumba nzima inaisha kwa mifuko 4. Kwenye gharama ongeza chokaa, ila mchanga utanunua kidogo zaidi.

Kwenye ufundi mizani inageuka. Plasta inakwenda haraka; mafundi wawili na kibarua wao wanamaliza ukuta wakati fundi wa pointi bado anachokonoa viungo. Kuchimbua kiungo kimoja kimoja kwa tindo na nyundo kunachosha, na fundi anayelipwa kwa eneo atakushawishi upige plasta. Nakushauri pointi umlipe kwa siku, na usimamie.

Ila gharama ya kweli inajulikana baadaye. Plasta ikipasuka, huwezi kuiziba bila kiraka kuonekana, na rangi inakudai kila baada ya miaka michache. Pointi iliyofanywa vizuri ikichoka inachoka kwa sehemu: kozi tatu za chini, pembe ya bafuni, chini ya dirisha. Unaita fundi kwa siku moja, basi.

Pointi ya kudumu ikoje

Fundi asilete grinda. Inakwenda kasi na inakata kingo za tofali, na tofali la kuchoma likishapoteza ukingo limepoteza gamba lake gumu. Atumie tindo nyembamba, kisha brashi. Kina cha kuchimbua kiwe angalau sentimita 2. Kama nyumba imejengewa udongo, afike 2 na nusu au 3, ili saruji ipate pa kushika, lakini asipite hapo, na achimbue eneo dogo dogo kuanzia juu. Kupakaza mota juu ya kiungo cha zamani bila kukichimbua ni kazi bure: inatoka utepe mzima mzima, watoto wanaichezea.

Mchanganyiko ninaoupenda ni saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa inafanya mota iwe nyororo mkononi na laini ukutani. Ukikosa chokaa, moja kwa sita ya saruji na mchanga uliochekechwa inatosha. Vaa glovu, chokaa inaunguza, na jichoni ni hatari. Mchanga uwe wa mtoni uliooshwa, na maji yasiwe ya kisima chenye magadi, maana utakuwa unaingiza chumvi ukutani kwa mkono wako mwenyewe.

Ukuta ulowanishwe kidogo kwanza. Tofali kavu la Tabora linafyonza maji ya mota kabla saruji haijashika, na kesho yake kiungo kinatoka unga. Kazi ikiisha, rashia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na upande wa jua la magharibi tundika magunia yaliyolowa. Ndiyo sababu nashauri kazi hii ifanyike Juni na Julai, kuna ubaridi na ukuta umekauka ndani. Septemba jua na upepo vinaikausha mota kabla hujaweka mwiko chini.

Umbo la kiungo ndipo wengi tunapopotea. Kuna pointi ya kuvimba, ule mkanda uliotokeza nje, unapakwa rangi nyeupe au nyeusi na nyumba inaonekana kama imechorwa kwa rula. Inapendeza, nakubali. Lakini kila mkanda uliotokeza ni rafu ndogo ya kukalia maji, na maji yakikaa yanaingia juu ya tofali la chini. Mwambie fundi apitishe kipande cha nondo ya milimita 12 iliyokunjwa, kiungo kiwe na bonde dogo, kimebanwa, kimelingana na kingo za tofali. Maji yanateremka yanakwenda zake.

Matofali yaliyokwisha kuliwa, usiyafunike. Toa moja moja kwa tindo, weka jingine lililoiva. Nyumba yangu ya Ipuli nilibadilisha 31, na kazi haikuzidi siku mbili. Kuna jambo jingine linalonigusa hapa: tofali la kuchoma limegharimu miti. Miombo yetu inaliwa na matanuru na mabani ya kukaushia tumbaku kwa pamoja, na ukuta unaookolewa ni tanuru ambalo halikuwashwa.

Plasta inaposhinda

Kama ndoo ya jana usiku imekuonyesha tope, pointi haitakusaidia. Ukuta wa tofali bichi unahitaji koti, na hapo plasta ni chaguo halali. Vilevile ukuta usio na paa la kuukinga, kwa mfano ukuta wa pembetatu wa mwisho wa nyumba unaopigwa na mvua moja kwa moja. Na nyumba iliyojengwa kwa matofali ya matanuru matatu tofauti, yasiyolingana hata urefu, pointi yake haiwezi kupendeza.

Basi ipige kwa adabu. Moja kwa tano au kwa sita, na chokaa kidogo ndani yake, usikubali moja kwa tatu. Viungo vichimbuliwe sentimita moja ili plasta ipate kucha za kushikia. Ukuta usafishwe vumbi na uloweshwe. Kama kuna ukungu mweupe wa chumvi, uusugue ukiwa mkavu kwa brashi, ukifagia na kutupa mbali. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani, na utakuja kuisukuma rangi yako nje. Plasta iishie sentimita 15 juu ya ardhi, isiguse udongo, kwa sababu ikigusa inanyonya maji kama utambi wa koroboi.

Na ile desturi ya kupaka rangi ya mafuta, kahawia au nyeusi, mita moja ya chini ili vumbi na matope yasionekane? Iache. Hapo chini ndipo ukuta unapopumulia zaidi. Rangi ya mafuta inafunga mlango, maji yanapanda juu zaidi, na baada ya mwaka unaona malengelenge juu ya mstari. Rangi ya maji ya nje inatosha, au chokaa ya kupaka.

Lipu ya udongo, na vanishi

Lipu ya udongo watu wanaiona ya kimaskini. Mimi siioni hivyo. Aliyefika Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 ameona kuta nene za udongo, na anajua babu zetu hawakuogopa udongo. Udongo wa kichuguu, mchanga, majani yaliyokatwakatwa na kinyesi cha ng'ombe, ukikandwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, unashika vizuri sana kwenye nyumba iliyojengewa udongo, kwa kuwa ni wa jamii moja. Unapumua, unatanuka na kusinyaa pamoja na ukuta. Udhaifu wake ni maji ya moja kwa moja: bila paa lililotokeza angalau sentimita 60, kila masika yakiisha utarudia. Kwa jiko la nje, stoo, au nyumba ya mtu mwenye nguvu kazi kuliko fedha, naichagua kuliko plasta ya saruji bila kusita.

Vanishi ya kupaka juu ya tofali sina mengi ya kuisemea. Inang'aa miezi michache. Isipopumua inafungia maji ndani, na ikianza kubanduka inaacha madoa usiyoweza kuyatoa. Kwenye nguzo za baraza, ndani ya kivuli, haina madhara. Ukuta wa mvua usiuguse nayo.

Chini ya ukuta

Chochote utakachochagua kitashindwa kama chini pameachwa. Kozi nne za chini haziliwi na mvua inayoanguka juu yake, zinaliwa na ile inayodunda ardhini na kurudi ukutani. Tunafagia uwanja kila asubuhi, udongo unashuka mwaka hadi mwaka, msingi unabaki nje, na matone yanapata pa kudundia. Kibaraza cha zege cha sentimita 60 kuzunguka nyumba, kikiwa na mteremko wa kuelekea nje, kinalinda ukuta kuliko mfuko wowote wa plasta. Kama zege halijafikika, mwaga kokoto. Tone likiangukia kokoto halirushi tope. Maua yaliyopandwa yamebana ukuta yahamishwe nusu mita, na gata ya paa kama ipo isimwagie pembeni mwa msingi.

Kwa Kiloleni ndivyo tulivyomaliza. Plasta ya upande wa jikoni tuliitoa yote, matofali yaliyoharibika tukabadilisha, tukapiga pointi ya chokaa, na kuta mbili ambazo plasta ilikuwa imeshika tuliziacha na plasta yake. Nyumba ina sura mbili sasa. Mama alilalamika wiki moja, halafu akaacha.

Shemeji, nyumba yako iko mteremkoni, na mvua za huko kwenu zinaanza mapema. Ukuta unaokupa shida ni ule wa nyuma, unaoangalia mlima, sivyo? Maji yanashuka ardhini yanaegemea msingi, kwa hiyo ukiupiga plasta sasa utakuwa unayafunika. Chimba mtaro nyuma ya nyumba kwanza, uyaelekeze maji pembeni, na uuache ukuta ukauke mpaka Julai. Na leo jioni tafuta tofali moja kwenye yale yaliyobaki chini ya mwembe, litumbukize kwenye ndoo, kesho asubuhi unitumie picha ya maji.